Siku Mwana Afaf Alipoandikwa Mwanamke

Sauti ya Mwana Afaf wa Kibokoni ilikuwa mali ya mtaa mzima. Akiita "Nabihaa!" kwenye dirisha lake, kina Nabiha wa mitaa mitatu huitika, na kunguru wa mnarani huruka wote kwa pamoja wakaenda kulala Kisauni. Wako wasemao kuwa siku moja alipiga chafya, na meli ya Mngereza iliyotia nanga bandarini ikajibu kwa honi, ikidhani yasalimiwa. La meli huenda limetiwa chumvi kidogo. La mtungi halina chumvi, maana vigae vyake viliwekwa vikaonekana: alimkemea paka, mtungi ukapasuka, na paka akahamia kwa jirani.

Alikuwa mjane, mrefu, mnene wa haki, ana vinywele vya kidevuni ambavyo alikataa kuving'oa. "Aliyeniumba hakukosea," husema, "nani mimi nimsahihishe?" Kazi yake ilikuwa mahamri na mbaazi. Alfajiri pazia la dirisha la chini hutikisika, mkono wenye hina hutoka na sahani, sauti husema "Chukua, mwanangu, bado yafuka," na mkono hurudi ndani. Wanaume wa Kibokoni walikua na kuota mvi wakila kwa mkono ule, na hakuna hata mmoja aliyepata kumwona mwenyewe.

Nabiha, binti yake, alikuwa ameposwa na Idarus, kijana wa Sayyid Akil. Harusi ilikuwa juma la pili. Na huyo Sayyid Akil alikuwa mtu wa adabu hata adabu yenyewe humwonea haya. Akipishana na kuku jike njiani, huinamisha macho. Posa ile Mwana Afaf aliilinda kama mtu alindavyo yai kiganjani, kwa sababu kila mtu alijua kwamba neno moja baya juu ya nyumba ya bibi arusi lingetosha kumfanya Sayyid Akil akunje mkeka wake, aondoke kimya, asirudi.

Lakini Mwana Afaf alikuwa na jambo jengine. Alikuwa jemadari.

Zama zile, Mngereza keshatandika reli na kujitia kila mahali, wanawake wa Mombasa walikuwa na dola yao isiyomhusu Mngereza wala waume zao. Ilikuwa ngoma ya lelemama. Kila mtaa una kundi, kila kundi lina wakubwa wake. Kibokoni walikuwa Zumaridi. Kuze walikuwa Almasi. Na baina yao palikuwa na vita visivyokwisha vya nyimbo, mapochopocho na mavazi. Siku ya kushindana, wacheza ngoma hawatoki na leso. Huvaa kiume: kanzu ya darizi, joho, kilemba, na jambia kiunoni, na jemadari hushika upanga wa mbao. Majoho hutolewa masandukuni mwa waume wenyewe. Mume akirudi kutoka msikitini akakuta joho lake halimo, hunyamaza, akavaa koti. Kuuliza ni kujitia katika mambo ya wake, na hilo si desturi.

Siku hiyo baada ya sala ya alasiri Nabiha alimfunga mamake kilemba, akakikaza, akasimama nyuma kumtazama.

"Mama, umekuwa kama marehemu baba."

"Babako hakuwa mzuri hivi."

"Basi nenda, lakini usirudi umeshindwa. Wasije wakaniimba mimi kwenye harusi yangu."

Zumaridi wakatoka kwa pembe na matari, wakashika Ndia Kuu. Na upande wa pili, Almasi nao wakaja, mbele yao Mwana Intisar wa Kuze, mwembamba kama ufito, ulimi wake mkali kuliko jambia alilovaa. Mahali walipokutana njia ni nyembamba, na katikati yake umepita ule mstari wa reli ndogo ya troli, vile vigari walivyokuwa wakipanda wakubwa huku watu wakivisukuma kwa nyuma. Zumaridi hawakupisha. Almasi hawakupisha. Intisar akaanza:

"Kibokoni mwanukia nini? Si udi wala si asmini, ni mafuta ya sufuriani!"

Mwana Afaf akajibu, na madirisha ya juu yakatetemeka:

"Mafuta yetu yalisha watu! Almasi zenu vigae vitupu, vya chupa ya siki na bakuli la supu!"

Watu wakapiga makofi. Ndipo ikaja troli, na aliyekaa ndani yake chini ya mwavuli ni bwana mkubwa wa polisi mwenyewe. Wasukumaji wakapiga kelele wapishwe. Mwana Afaf aligeuka, akainua upanga wake wa mbao, akasema neno moja tu: "Rudini!"

Alilisema kwa sauti ile ile iliyopasua mtungi. Wasukumaji wakaachia. Pale pana mteremko kidogo, na troli ikaanza kurudi, kwanza polepole kama inayofikiri, halafu mbio, bwana mkubwa ndani yake ameshika mwavuli kwa mikono miwili. Ikapita maduka, ikapita msikiti, ikamfukuza punda aliyekuwa ametulia, ikaja ikajitumbukiza katika magunia ya tende karibu na forodha. Mwavuli, wasemavyo watu, ulivuka wenyewe mpaka ng'ambo.

Firimbi zikalia. Mji wa Kale una milango mingi kuliko watu wake, na kila mlango ukafunguka, ukameza majoho, ukafungwa. Kufumba na kufumbua Ndia Kuu ikawa tupu. Alibaki Mwana Afaf peke yake amesimama wima, upanga mkononi. Baadaye alisema jemadari hakimbii. Kweli hakukimbia, lakini pia lile joho la marehemu lilikuwa refu, na upindo wake ulikuwa umebanwa na mlango waliofunga Zumaridi wenzake.

Aliyemkamata ni askari Ngumbao, mgeni wa mji, ametoka mashambani mwezi ule. Aliona kilemba, joho, jambia na kidevu. Akamkokota hadi stesheni, akapiga saluti mezani pa kerani.

"Nimeshika mtu mume, bwana."

Stesheni ilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa, na ndani yake mlikaa kerani Sattar na kitabu cha wahalifu. Kitabu kilikuwa na safu mbili: wanaume na wanawake. Waraka mpya ulikuwa umetoka juu kwamba kila mhalifu aandikwe ni mume au ni mke, bila ya kubahatisha, na mwisho wa mwaka hesabu ipelekwe kwa wakubwa. Safu ya wanaume ilikuwa imejaa hata pembeni. Safu ya wanawake ilikuwa nyeupe kama kanzu ya Idi, na bwana mkubwa alikuwa amekwisha sifiwa kwa weupe huo. Alipenda kuwaambia wageni wake kwamba wanawake wa kisiwa hiki hawafanyi makosa kabisa.

Bwana mkubwa mwenyewe akaingia, tende imemganda begani.

"Andika," akasema. "Mwanaume."

Mwana Afaf alikuwa akifanya hesabu zake kichwani. Majina ya walioshikwa husomwa kesho yake mlangoni pa korti, kila mpita njia asikie. Akiandikwa mwanamke, wa kwanza katika kitabu kile, hatafichika: litasomwa jina lake na la mtaa wake, Sayyid Akil atasikia, na posa ya Nabiha itakufa. Akiandikwa mwanamume, atapelekwa gerezani Ngomeni kuvunja mawe ya barabara kwa jina lolote litakalomjia, na nyumbani wataambiwa amekwenda Lamu kuhani msiba. Mawe hakuyaogopa. Alikanda unga wa mahamri kila siku ya maisha yake. Mawe yangemwogopa yeye.

"Jina?" akauliza Sattar.

"Afifu bin Simba," akasema kwa sauti nene.

Kalamu ya Sattar ikasimama. Sauti ile ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi tangu ateremke melini kutoka Bombay. Akainama mezani akanong'ona:

"Mahamri?"

"Nyamaza," ikanong'ona sauti, na vumbi la mezani likaruka, "au kesho utakula mkate wa juzi."

Sattar akaandika jina. Lakini Ngumbao, maskini, alikuwa mtu mkweli. "Bwana," akasema, "nilipomshika mkono niliona hina."

"Hata bwana arusi hutia hina," akasema Mwana Afaf.

"Na ananukia asmini."

"Sasa ulitaka ninuke kama wewe?"

Bwana mkubwa akaukunja uso. Waraka ulisema bila ya kubahatisha. Kumfunua mtu wa mji ule ili kumtazama hakuthubutu. Wazee wangeshuka wote kutoka mabarazani, na wakubwa wake wangeuliza kulikoni. Akaamuru waletwe mashahidi. Ngumbao akatoka, akarudi na wa kwanza: mwenye baraza inayotazama pale pale troli iliporudi nyuma.

Alikuwa Sayyid Akil.

Mwana Afaf alirudi nyuma hatua moja. Akavuta ncha ya kilemba ikamfunika mpaka puani. Sayyid Akil aliingia, akatoa salamu ndefu, akauliza hali ya bwana mkubwa, ya kerani na ya watu wao wote, akakaa kwenye kiti uso ukielekea ukutani.

"Ulikuwa barazani?" Sattar akamuuliza.

"Nilikuwako, alhamdulillahi."

"Uliwaona waliopita?"

"Sikuona mtu. Niligeukia ukuta."

"Kwa nini uligeukia ukuta?"

"Wakipita wake za watu, mtu hugeukia ukuta."

Bwana mkubwa akaruka. "Ha! Basi walikuwa wanawake!"

"Sikusema hivyo, bwana. Nimesema niligeukia ukuta."

"Sasa ulijuaje wakati wa kugeuka?"

"Kwa malezi."

"Na huyu hapa nyuma yako, ni mume ama ni mke?"

"Nyuma yangu sina macho, bwana."

"Geuka basi!"

"Nikigeuka nikaona ni mke, nitakuwa nimemtazama mke wa mtu. Na nikigeuka nikaona ni mume, nitakuwa nimemshuku mume mwenzangu. Niache na ukuta wangu, mzuri huu, mmeupaka chokaa."

Bwana mkubwa akamtaka aape kwamba hajui lolote. Sayyid Akil akaapa bila ya kusita: hakuona mtu, hakusikia mtu, na lililotokea Ndia Kuu hana habari nalo wala hatakuwa nayo. Hakuondoka, aliomba apumzike kidogo pale pale, maana jua bado lilikuwa kali. Mwana Afaf akashusha pumzi. Kwa muda mfupi ule alimpenda mkwewe kuliko ndugu zake wa damu.

Ndipo mlango ukatiwa kivuli, akaingia mtu ndani ya buibui pana, la yale ya zamani ambayo ungeweza kuficha ngamia ndani yake.

"Masalkheri. Mimi sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu kutoa ushahidi." Alikuwa Mwana Intisar.

Alimtazama mfungwa juu mpaka chini, na macho yake ndani ya buibui yakacheka.

"Huyu? Mume huyu! Tena dume zima. Andika, kerani, andika kwa wino mzito. Bwana, sisi Almasi tumekuwa tukishindwa, tukijiuliza tuna ila gani. Leo nimejua. Zumaridi wamekodi mtu mume, wakamvisha joho, akaja kutungurumia! Mwanamke gani ana sauti ile? Na jemadari wao mwenyewe, Mwana Afaf, muulizeni leo alikuwa wapi. Alijificha jikoni!"

Mwana Afaf akakaza ncha ya kilemba.

"Nipeni na karatasi yenye muhuri," akaendelea Intisar, "niisome kwenye kila harusi. Nitaanza na ile ya juma la pili, ya Kibokoni. Hata wimbo ushanijia."

Akaanza kuvumisha, taratibu, akipiga kidole mezani pa Sattar: "Zumaridi wana dume, kalivaa joho, kalivaa..."

Mwana Afaf akaona mawe ya Ngomeni, mazuri, yaliyotulia, yanamngoja. Akaona posa. Kisha akamwona Nabiha anakaza kilemba, amesimama nyuma, anasema: usirudi umeshindwa, wasije wakaniimba. Akajua kwamba akiokoa harusi hii kwa njia ile, binti yake atakaa kitini mwa arusi akiimbiwa wimbo wa dume, na wimbo wa lelemama hauzeeki. Wataimbiwa nao wajukuu.

"Sattar!" akasema, na safari hii hakunenepesha sauti. "Futa. Niandike mwanamke."

"Uongo!" akasema Intisar. "Ana ushahidi gani?"

Mwana Afaf akavuta pumzi. Mapazia yakaingia ndani kwa pumzi ile. Akatupa kichwa nyuma, akatia ulimi kazini, akapiga kigelegele.

Ng'ombe wa Changamwe walisimama kula. Wino wa Sattar ulitoka kidauni ukakaa mezani. Chokaa ya ukuta ilimwangukia Sayyid Akil kidogo kidogo kama mchele wa arusi, naye hakugeuka. Kabla kigelegele hakijaisha, kikajibiwa na dirisha la juu, kisha na nyumba ya pili, kisha na Ndia Kuu yote, na Kibokoni, na Kuze. Kila mwanamke aliyekuwa amejificha kwa mlango alikuwa amekisikia, na kigelegele kikipigwa hakiachwi peke yake. Na pale pale mbele ya meza, ndani ya buibui, ulimi wa Mwana Intisar nao ukajibu. Hakutaka. Aliufunika mdomo kwa mikono yote miwili, lakini kigelegele kilikuwa kishatoka chote, kirefu, kitamu, cha Kuze kabisa.

Bwana mkubwa akatoa vidole masikioni.

"Nini hiyo?" akauliza bwana mkubwa.

"Hiyo ndiyo hati yake, bwana," akasema Sattar. "Mume hawezi."

"Ngumbao! Jaribu!"

Ngumbao akajaribu. Alitoa mlio wa kuku aliyemeza kokwa, akakohoa mpaka akapewa maji.

Bwana mkubwa akaitazama ile safu nyeupe kwa muda mrefu, kama mtu anayeagana na jamaa. "Andika," akasema. Sattar akaandika, na ukurasa haukuwa mweupe tena.

"Na mimi," akasema Intisar.

"Wewe nini?"

"Na mimi niandike. Nimesema uongo mbele yako sasa hivi, hukuona? Na njia niliiziba mimi kabla yake."

"Kabla ya nani?" akasema Mwana Afaf. "Mimi ndiye wa kwanza!"

"Wewe uliziba troli. Njia niliziba mimi."

"Kerani, usimwandike juu yangu!"

"Niandike juu yake!"

Bwana mkubwa akashika kichwa. Akaamuru waandikwe wote wawili, hata kama Intisar atabanwa ukingoni juu, watolewe, wapelekwe mbali naye, kwani hakuwa na chumba cha kuwafunga wanawake; hakuwahi kukihitaji. Mwaka ule hesabu ilipokwenda juu, yasemekana wakubwa waliandika kuuliza ni balaa gani limewapata wanawake wa Mombasa, na barua iliyojibu ilikuwa nzito hata ikapelekwa kwa punda.

Nje, Mwana Afaf alisimama na joho lake, njia imejaa watu. Intisar akainua upande wa buibui.

"Ingia, we jitu. Utapitaje hivyo?"

"Sitatosha."

"Ingia, nimekwambia. Kesho nitakutukana vizuri zaidi."

Wakaenda hivyo mpaka Kibokoni, wawili katika buibui moja, miguu minne ikigombana ndani yake, na watu wakapisha.

Kesho yake majina yalisomwa mlangoni pa korti. Mwana Afaf hakufungua dirisha. Alikaa jikoni, unga haujakandwa, akisikiliza nyayo. Nabiha alikaa naye.

"Wakija kuvunja posa, mama, waje. Hatukushindwa."

"Nyamaza, nisikie mlango."

Kilichotokea barazani walikisikia baadaye kwa Usman, muuza bizari, aliyekimbilia kwa Sayyid Akil akiwa wa kwanza kuleta habari.

"Sayyid, umesikia? Mkweo! Ameshikwa na askari, ameandikwa kitabuni, tena amevaa joho la..."

"Usman," akasema Sayyid Akil, "jana niliapa mbele ya Mngereza kwamba habari hiyo sinayo wala sitakuwa nayo. Leo unataka niwe nayo, nivunje kiapo?"

"Lakini mji mzima..."

"Mji mzima haukuapa. Mimi nimeapa. Posa niivunje kwa sababu gani? Watu wataniuliza, nami nitajibu sijui. Mtu havunji posa kwa asilolijua. Kaa, unywe kahawa."

Na adhuhuri ile likaja sinia la tambuu na asmini kutoka kwa watu wa bwana arusi, limefunikwa kitambaa cha hariri, na salamu kwamba siku ni ile ile.

Kigelegele cha Mwana Afaf safari hiyo kilimfanya Sattar, stesheni, akamate kidau cha wino kwa mikono miwili.

Harusi ilikuja. Zumaridi walitoka na majoho, na Almasi walikuja bila ya kualikwa, mbele yao Intisar na wimbo mpya: kwamba katika kitabu cha Mngereza Kuze ndiyo imeandikwa juu. Mwana Afaf akamjibu kwamba juu huandikwa vya kufutwa mwanzo. Waliimbana mpaka pembe zikapasuka. Walipopita mbele ya baraza ya Sayyid Akil, yeye alikuwa keshageukia ukuta zamani, mikono magotini, ametulia. Ila mguu wake wa kulia, waliokuwa karibu waliuona, ulikuwa ukifuata ngoma.